Noti Niliyowaachia Watu

Siku yangu ya kwanza ya uimbaji niliziimbia meza za kahawa. Ilikuwa Jumapili mchana huko Ruiru, kwenye shamba nilikochambua kahawa siku za wiki. Kiongozi wa bendi, ambaye sote tulimwita Kapteni, alinisimamisha mwisho wa meza za kuanikia, naye akaenda mwisho wa pili na wachambuzi wanne. "Imba," akapaza sauti. "Hawa wakishika maneno, watainua mkono." Bendi haikuwa na maikrofoni, na siku hizo kundi lolote lenye magitaa mawili na ngoma lilijiita jazi.

Mikono yote minne iliinuka. Nilikuwa nimetoka Maragoli na sauti ya kanisani, ile ya kichwa, nyembamba na kali, inayopita juu ya gitaa na kumfikia mtu aliye nje ya ukumbi. Kapteni akanitungia wimbo wenye noti moja ya juu sana katikati ya kiitikio, na watu wakawa wanakuja kuisikia hiyo noti. Tulipiga mchana tu, kwa sababu ya kafyu ya usiku ya serikali ya kikoloni.

Baadaye tuliitwa Thika, kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda, na huko maikrofoni ilikuwepo. Mimi mshamba niliisogeza mdomoni nikaimba vilevile nilivyoziimbia meza. Watu wa mbele wakaziba masikio. Ofisa wa Ustawi, aliyesimamia ukumbi, alinijia akicheka. "Mama, unaita nani? Hii kitu iko na masikio. Ongea nayo pole pole."

Wiki nzima nilifanya mazoezi jikoni, nikiimba kwa sauti ya kifua, nzito na ya karibu, kana kwamba namnong'oneza jirani. Nilishangaa sana. Kumbe ndani yangu mlikuwa na mwanamke mwingine, na nilitaka kujua alikuwa wapi miaka yote hiyo.

Lakini vumbi la maganda ya kahawa halimhurumii mtu. Kikohozi kilinikaa kooni, nikajifungua mara mbili, na sauti ya kichwa ikaanza kukatika. Jumapili moja ile noti haikuja. Nilifungua mdomo nikakuta hakuna kitu, basi nikawanyooshea watu mkono, kama mwalimu wa kwaya anavyowaita waitikiaji. Wakaiimba wao. Kapteni alidhani ni maringo ya jukwaani. Kuanzia hapo niliwaachia kila wiki, na kila wiki niliogopa atagundua. Bila ile noti, mimi nilikuwa mchambuzi tu.

Aligundua siku ya mazoezi, ambapo hapakuwa na watu wa kuninusuru. Hakugomba. "Sauti imeisha, dada," alisema. "Jumapili tutajaribu Agneta."

Agneta alikuwa mchambuzi mwenzetu, binti mpole ambaye sauti yake ilipanda bila taabu. Jumapili hiyo nilikaa benchi la mbele. Alianza vizuri. Alipofika pale juu, alinyamaza, akawanyooshea watu mkono. Ukumbi mzima ukaimba.

Wimbo ulipoisha, Kapteni alimfokea. "Kwa nini haukuimba hiyo noti?"

"Hapo si pangu, Kapteni. Hapo ni pa watu. Dada huimba hivyo."

Kapteni akageuka, akaniita jukwaani. Tukaimba wawili, Agneta sauti ya juu na mimi ya chini, mpaka miaka ya hamsini ilipoelekea ukingoni na nikaamua kupumzika.

Vijana wanaonitembelea hapa Murera huniuliza ni ipi iliyokuwa sauti yangu hasa, ya kichwa au ya kifua. Sijui, na bado najiuliza. Ninachokijua ni kwamba siku ya kuagana nilimwambia Agneta ukweli, kwamba sikuwa na mtindo wowote. Nilishindwa tu, nikaficha.

"Nilijua," akasema. "Ile Jumapili ya kwanza nilikuwa nimesimama hapo mbele, nikaona vile umeogopa. Lakini dada, mimi nilikuwa sijawahi imba mbele ya watu. Uliponyoosha mkono nikaimba na wengine, ndio nikajua niko na sauti."

Nililia mbele ya bendi nzima, na sikuona haya.