Masika Hakusikia Risasi

Ninaikumbuka bado siku ile, mwanangu, niliyoingia ofisini kwa direkta wetu, mkuu wa shule, kumwambia kwamba nimeshindwa.

Nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya serikali hapa Vulamba. Darasa langu lilijaa hadi mlangoni, maana familia nyingi zilikuwa zimekimbia vita upande wa Beni. Kati ya waliokuja alikuwamo Masika, binti ambaye hakusikia tangu kuzaliwa. Alikaa akiangalia midomo yangu, na kila nilipogeuka kuandika ubaoni, nilijua nimemfungia mlango.

Wazazi nao hawakunyamaza. Baba mmoja mfanyabiashara, ambaye binti yake Kahindo alikaa benchi moja na Masika, alisimama mkutanoni akasema: «Ule mutoto atarudisha batoto betu nyuma. Bamupeleke kwa masomo ya batoto benye habasikie!»

Basi niliingia ofisini. Nilidhani direkta, mzee Kasereka, ataniambia nirudi kwetu Alimbongo nikalime viazi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanisogezea kiti.

«Mwalimu,» akasema, «miye sitafute mwalimu mwenye hachoke. Niambie tu, unakosa nini?»

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nililia kwanza, ndipo nikajibu: nakosa wakati, na nakosa lugha ya yule mtoto.

Kuanzia juma lile, yeye mwenyewe, na tai yake shingoni, alishika darasa langu saa ya mwisho. Nami nilikwenda sokoni kwa mama yake Masika, aliyeuza sombe, yale majani ya muhogo, anifundishe ishara walizozungumza nyumbani. Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini mzee yule alijitwika wangu kwanza, akaujua uzito wake. Nilichojifunza nilikipeleka darasani, na watoto wakanipita mbio. Haukupita muda, Kahindo na Masika wakawa wanapiga soga kwa vidole katikati ya hesabu, na ilinibidi niwagombeze kwa vidole vilevile.

Kisha ikaja asubuhi ya risasi. Zililia upande wa mlimani wakati wa mapumziko, watoto wakatawanyika kama vifaranga waliomwona kipanga. Tulipowakusanya katika kanisa la jirani, Masika hakuwapo. Kahindo naye hakuwapo. Baba yake Kahindo alifika akihema, akaniuliza kwa macho tu. Risasi ziliponyamaza, direkta alinishika mkono.

«Twende tubatafute.»

Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nilijua anaogopa kama mimi. Yule baba akatufuata.

Tuliwakuta nyuma ya choo cha shule, wamelala chini kando ya ukuta, wameshikana. Masika alikuwa chooni risasi zilipoanza, asisikie kitu. Kahindo alikuwa amekwisha fika getini na wenzake, akamkumbuka, akarudi. Alimwambia kwa mikono: lala, tulia, niko hapa.

Mwanangu, nilikaa kwenye matope na sketi yangu ya kazi, nikacheka huku machozi yakinitoka. Baba yake Kahindo aliwakumbatia wote wawili kwa pamoja. Kisha akaniuliza:

«Mwalimu, kesho bataikala tena benchi moja?»

«Benchi moja,» nikamjibu.

Akashusha pumzi. «Ni muzuri.»

Leo wewe umepewa shule ya kuongoza, huko mtaa wa Ruwenzori, mjini Beni. Mtoto asiyesikia, asiyeona, aliyekimbia kwao, akisimama mlangoni pako, mpe benchi kwanza, maswali yatafuata. Na mwalimu wako akija amechoka, usimtishe. Muulize anakosa nini, kisha inuka kitini ukafanye sehemu yako, kwa kuwa mkono mmoja haulei mwana.

Nenda na amani, mwanangu. Mungu akupe moyo mpana na masikio ya kusikiliza, na watoto wote utakaokabidhiwa asubuhi, jioni wafike salama kwa mama zao.