Likizo Tuliyoishi Ndani ya Kibasi

Jirani yangu hapa Nyahanga, mjini Kahama, amefungua karakana ya kuchomelea mageti, na kila asubuhi upepo unaniletea harufu ya chuma kilichoungua, imechanganyika na ya ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Wapangaji wenzangu wamemlalamikia kwa mwenye nyumba. Walipoleta barua nitie sahihi, nilikataa. Harufu ile ikinikuta uani napiga mswaki, husimama na povu mdomoni, nikawa mtoto wa miaka kumi tena, nimekaa kwenye ngazi ya nondo mlangoni mwa kibasi, na baba ananikanya nisiangalie moto.

Mimi ni Doto. Kwa wasiojua desturi za kwetu Usukumani, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa, na anayefuata huitwa Doto. Dada yangu alinitangulia kwa dakika chache tu, lakini dakika hizo zimenigharimu. Baba yetu aliitwa Baba Kulwa, mama aliitwa Mama Kulwa, na mimi nikawa kama kifurushi kilichokuja na mgeni. Sijakasirika, nasema tu.

Tuliishi Ushetu. Mama alilima mahindi na tumbaku. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea, na kazi yake ilikuwa kuzunguka machimbo madogo ya Geita akitengeneza makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Karasha halina subira. Likivunjika leo, mwenye nalo anataka fundi leo hii. Kwa hiyo baba alikuja nyumbani mara moja kwa miezi miwili au mitatu, akiwa na mkate na soda na mikono iliyojaa makovu ya cheche, akakaa siku nne, kisha simu ikalia. Tulikuwa tunaichukia simu ile kwa moyo wote.

Sasa nitawaambia jambo ambalo mimi na Kulwa hatukulijua wakati ule, ili msije mkadhani, kama tulivyodhani sisi, kwamba safari yetu ilikuwa ya kutembea tu. Siku moja mama akiwa anafunga majani ya tumbaku kwenye miti ya kukaushia, alimwambia baba kwamba amechoka kulea peke yake. Alimpa hadi mwisho wa likizo ya mwezi wa sita. Ama papatikane mahali pamoja pa kuishi wanne sote, au yeye atuchukue aende kwao ziwani, na baba atakuwa anakuja huko kama mgeni mwingine yeyote.

Baba hakuwa mtu wa maneno. Ukimwambia jambo zito, alikwenda kutafuta chuma. Akaenda Tinde, akarudi na kibasi cha zamani alichokikuta nyuma ya gereji, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Mwenzake mmoja wa machimboni alikuwa amemwonyesha kwenye simu picha za wazungu wanaosafiri na nyumba yao barabarani, juu ya paa wamefunga vijitumbwi vyembamba vya plastiki vinavyoitwa kayaki. Baba alizitazama picha zile, akaona jibu la kumpa mama limo mule. Ikiwa kazi haitulii mahali pamoja, basi nyumba na itembee.

Alichomoa viti vyote isipokuwa viwili vya mbele. Akachomelea vitanda viwili vya juu na chini, meza ya kukunja, na sanduku la unga chini ya kitanda. Akatengeneza na kayaki yake. Hapa lazima nimtetee kidogo: baba alizaliwa na kukulia mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni lambo la kunyweshea ng'ombe, na maisha yake yote alichomelea vitu vyenye pembe nne. Milango, madirisha, makreti. Kwa hiyo kayaki yake nayo ilikuwa na pembe nne. Ilikuwa ya bati nene, mbele imekatwa wima, nyuma imekatwa wima, na wanaume sita ndio walioipandisha juu ya paa. Mama aliizunguka mara mbili, mikono mgongoni. Yeye ni Mzinza, amezaliwa ufukweni, na tangu aolewe bara hakuwa ameshika kafi. Nilimwona akiuma kanga yake asicheke.

Tukaondoka Ushetu siku shule ilipofungwa, tukapita Kahama, tukashika njia ya Geita. Jamani, raha ile. Vyombo vilikuwa vinagongana nyuma yetu, sufuria limelala na kifuniko chake pembeni, na vumbi jekundu linaingia kwenye kila kitu hadi uji wetu ukabadilika rangi. Kila tulipopita kijijini watoto walikimbia kando ya barabara, na Kulwa akawapungia mkono kwa madaha utadhani ameshinda uchaguzi.

Mama hakulalamika hata mara moja. Alikuwa na namna yake. Asubuhi ya kwanza alisema tu, "Watoto wametoka jasho." Mchana huo, baada ya kumaliza karasha la watu kwenye machimbo tuliyofikia, baba aliomba umeme wa jenereta lao, akakata tundu paani na kulitengenezea kifuniko cha kufunua. Kesho yake mama akapanda kibasi akajishika goti. Jioni ngazi ya nondo ikawa imeshafungwa mlangoni. Maharage yakamwagika kwenye kona moja mbaya, na kabla mama hajafungua kinywa, baba alikwishaanza kupinda chuma cha duara cha kubania sufuria lisiteleze. Hata bafu tulipata: turubai na fremu ya kufungulia nyuma, ndoo ikining'inia juu. Wachimbaji walikuja kuangalia. Mmoja alimwuliza baba kama anapokea oda.

Katika bwawa moja njiani tulipumzika siku nzima, na hapo mama ndiye aliyetufundisha kuvua. Alichimba nyambo, wale minyoo wa chambo, kwa kijiti, akawavalisha kwenye ndoana bila kutazama, huku anazungumza nasi mambo mengine. Kulwa alinasa gauni lake mwenyewe mara tatu. Mimi nilipata kambale mwenye sharubu, mwenye utelezi na hasira, nikamtupa chini nikakimbia. Mama alicheka hadi akakaa chini. Baba alisimama na kisu mkononi, hajui pa kuanzia, anamtazama mama. Nilikuwa sijawahi kumwona akimtazama hivyo, maana siku zote alipokuwa nyumbani alitazama simu.

Siku ya tisa tukafika ziwani, kwenye kijiji alichozaliwa mama. Shemeji yake baba, ambaye kwetu sisi ni mjomba Bahati, alikuja kutupokea. Tukamwamkia shikamoo, akaitika, kisha macho yake yakapanda polepole hadi juu ya paa.

"Shemeji," akasema, "hori la kunyweshea umelileta. Ng'ombe wako nyuma?"

Watu wote pale mwaloni mitumbwi inaposhusha samaki, wauza dagaa, waponda barafu, waliokuwa wanashona nyavu, walicheka. Baba naye alicheka, lakini alikuwa ameshaanza kufungua kamba za paani. Wakalishusha. Baba akaingia kwenye maji ya magotini, akapanda, akapiga kafi upande mmoja, na chombo kikazunguka. Akapiga upande wa pili, kikazunguka kurudi. Hakikwenda mbele hata hatua moja. Nilisikia aibu, na niwaambie kweli, nilitamani huyo awe baba wa mtu mwingine kwa muda kidogo.

Mama alivua ndala. Akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaingia majini, akachukua kafi kutoka kwa baba kama mtu anayepokea mtoto. Akakaa nyuma, akalisukuma kwa pigo fupi la kukata, na lile hori likanyooka likaenda. Alizunguka mitumbwi iliyofungwa, akarudi, akasimama mbele ya baba.

"Panda, Baba Kulwa."

Baba hakujua kuogelea. Alikwenda kwenye kibasi akatoa mpira wa tairi la akiba, akaujaza upepo, akauvaa hadi kwapani. Ndivyo alivyopanda, ameshika kingo kwa mikono yote miwili, na mama akapiga kafi. Walikwenda hadi baba akawa ni kichwa na ule mpira mweusi tu.

Halafu wakasimama. Mama alikuwa amelaza kafi magotini. Sisi tulibaki na mjomba juu ya mawe, tukivua furu, visamaki vya ukubwa wa kiganja, na kila nilipoinua macho chombo kilikuwa palepale. Baba alikuwa akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka. Mjomba alijifunika macho kwa mkono akatazama.

"Wanavua nini hawa," akasema, "na ndoana mnazo nyinyi?"

Tulikuwa tumeshachoma samaki na kula waliporudi. Baba alikuwa amelowa, na maji yalikuwa yamejaa hadi vifundoni, kwa sababu kwenye pembe moja maunganisho yake mwenyewe yalikuwa yameachia. Muda wote ule alikuwa akichota maji kwa kikombe cha chai. Alishuka, akavua mpira, akaketi mchangani. Mama alituuliza kama tumembakizia samaki.

Kesho yake tukaanza kurudi. Mimi na Kulwa tulijua tutapitia machimbo yote tena, tutaongezewa na rafu ya vitabu ambayo baba alikuwa ameahidi. Badala yake alisimama mahali pawili tu, akachukua vifaa vyake alivyoviacha huko, akaagana na watu kwa kushikana mikono muda mrefu. Tulipofika Ushetu akaegesha kibasi nyuma ya nyumba na kukitoa betri. Tulilia, mimi zaidi. Hori alilichukua mzee mmoja mwenye ng'ombe, na huko lilifanya kazi yake bila kuzunguka. Baba akafungua karakana pale senta, akawa anatengeneza majembe ya kukokotwa, mikokoteni na baiskeli. Simu ya machimboni ikilia, alipokea, akamwelekeza mpigaji kwa fundi mwingine.

Miaka mingi nilimlaumu mama kwa siri. Niliamini kwamba hakupenda kibasi, na kwamba lile hori lilimwaibisha mbele ya ndugu zake, ndiyo maana safari ikafa. Msichana wa miaka kumi akishaamua jambo, halitoki upesi. Nilikuwa nimeshahitimu chuo na kupata kazi nilipomwambia, mwaka jana, tukiwa tunamenya karanga barazani. Nilimwambia kwa utani, lakini alinisikia vizuri.

"Kibasi kile nilikipenda," akasema. "Nani angejengewa bafu njiani asipende? Lakini kilikuwa na magurudumu, Doto. Nilijua simu ikilia tutageuza, kesho ikilia tutageuza tena, na nyinyi mnasoma wapi? Pale majini nikamwambia, mimi sikufuati machimboni. Rudi wewe nyumbani."

"Akasemaje?"

"Akasema, nifikishe kwanza nchi kavu, Mama Kulwa, nitakujibu. Nikaweka kafi chini. Nikamwambia utanijibu hapahapa."

Nilicheka hadi karanga zikamwagika, kisha nikaona kwamba sicheki tena. Nilimwona baba yangu katikati ya maji asiyoyajua, ndani ya chombo alichokiunda vibaya, anachota kwa kikombe huku anasikiliza. Nchi kavu alikuwa na mahali pengi pa kujificha: nyuma ya kinyago cha kuchomelea, nyuma ya jenereta, nyuma ya simu. Mle hakuwa na pa kwenda. Na bado alikuwa amelitengeneza hori lile kwa mikono yake, akalibeba juu ya paa siku tisa, akapanda alipoambiwa apande. Nilipomwuliza yeye, alisema alikuwa anataka kuvua samaki tu. Ndivyo alivyo, na nampenda hivyohivyo.

Lakini siku ile barazani nilikuwa bado sijamaliza kuuliza.

"Na alikujibu?"

Mama alitupa ganda la karanga uani.

"Wewe," akasema, "kuanzia likizo ile, chakula cha jioni ulikuwa unakula na nani?"

Nilijaribu kukumbuka jioni moja tu, tangu siku ile hadi nilipoondoka kwenda chuo, ambayo tulinawa mikono tukiwa watatu. Sikuipata. Nilikuwa nimekaa miaka yote hiyo mezani na jibu la baba, nikililia kibasi.