Sekunde Kumi na Nne za Librado Favier

Librado Favier Casamayor, mwana wa Prudencio Favier aliyechochea tanuri la kiwanda cha sukari cha Santa Rufina miaka thelathini na mmoja bila kuliacha lizime; mjukuu wa Bibi Clemencia aliyeshuka milimani na gunia la kahawa kichwani na watoto wanne nyuma yake; mkata miwa wa misimu kumi na tisa; aliyewafundisha kusoma watu wazima kumi na mmoja mwaka ule wa kampeni ya kisomo, mmoja wao mama yetu mzazi; mpiga kengele wa ngumi, mapambano mia nne na kumi na mawili, na hakuna mtu aliyewahi kuinua kidole akasema Librado kakosea saa. Huyo ni kaka yangu. Naanza na sifa zake kwa sababu ni zake, na sitaki mtu azisahau akifika mbele.

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana wazee walikusanyika barazani kwa Ascanio Lescay, fundi viatu. Walicheza domino, wakanywa kahawa niliyowapelekea mimi, na wakagombana. Ugomvi ulikuwa ule ule tangu mwaka sabini na tatu: nani alikuwa mkubwa zaidi kati ya mabondia wetu wawili wa uzito wa juu, Edmundo Blake au Nemesio Cuza.

Blake alitoka upande wa stesheni, kwa wale ambao babu zao walikuja kutoka Jamaika. Mrefu, mwepesi, anavaa soksi nyeupe hata akienda kununua mkate. Cuza alikuwa wetu wa mashamba ya miwa, mpana kama mlango wa ghala, msemaji wa maneno matatu kwa siku. Mkoa ulikuwa na nafasi moja tu ya kwenda Havana kwenye timu ya taifa, nao wakapambania nafasi hiyo Machi ya mwaka ule, ulingo umewekwa katikati ya uwanja wa besiboli.

"Blake alikuwa anadonoa," Ascanio angesema, msumari mdomoni. "Tap, tap, tap. Mpaka unajiuliza mvua imeanza lini."

"Kuku ndiye anayedonoa," Fermín Duvergel angejibu. Fermín aliendesha mkokoteni wa ng'ombe maisha yake yote. "Cuza alibomoa."

"Alibomoa hewa! Ng'ombe wako walikuwa wepesi kuliko yeye."

"Ng'ombe wangu usiwaingize. Raundi ya pili, Ascanio. Ile ya kushoto ilipompata mtu wako, magoti yake yalikwenda wapi? Yalikwenda kununua sigara? Kengele ilimwokoa!"

"Kengele ni sehemu ya ngumi, bwana wee. Raundi ni dakika tatu. Siyo dakika tatu na huruma."

Hapo wote wangemgeukia kaka yangu. "Librado, sema wewe mwenye saa."

"Kengele ililia," Librado angesema, na kuchanganya domino.

Ililia, kweli. Nilikuwa pale, nimesimama nyuma ya meza yake. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo, na nyundo. Blake alikuwa kwenye kamba, mikono chini, macho yamegeuka meupe. Mwamuzi alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri treni. Cuza akavuta mkono wake wa kushoto nyuma, na Librado akapiga reli. Kwenye saa, nilikuja kujua baadaye, zilikuwa zimebaki sekunde kumi na nne.

Blake akamwagiwa maji, akapata akili zake, raundi ya tatu akadonoa na kukimbia, majaji watatu kwa wawili wakampa ushindi. Akaenda Havana, akaenda nchi za watu, akarudi na medali. Cuza alirudi kukata miwa.

Kwa nini alipiga? Mwaka hamsini na saba, Librado alikuwa mbeba ndoo ya maji kwenye ngumi za mjini Guantánamo, akamwona kijana mmoja akifa kwenye kamba huku mpiga kengele akingojea dakika yake itimie. Hakutaka kuona tena. Kwa hilo sijawahi kumlaumu, na yeye mwenyewe hajawahi kujilaumu.

Kilichomla ni kingine. Miaka miwili baadaye Cuza alikuja nyumbani kwetu, jioni mapema, nikiwa natenga wali na maharage. Alibaki mlangoni, kofia mkononi.

"Librado. Nitakuuliza mara moja, sirudii. Muda ulikuwa umekwisha?"

Kaka yangu alikuwa na jina katika mkoa mzima. Waliposema "saa ya Librado" walimaanisha kitu kisichobishiwa. Nilimwona akilishika lile jina kama mtu anavyoshika kofia kwenye upepo.

"Ulikuwa umekwisha," alisema.

"Vizuri," Cuza akasema. "Basi ni mimi niliyechelewa."

Akaaga kwa adabu, hata kunisifia harufu ya chakula. Wiki ile ile akahama, hakuna aliyejua wapi. Librado hakula. Usiku ule akaniambia ukweli, na mimi nikaufunga kinywani miaka ishirini na miwili, maana ni kaka yangu.

Lakini niliyaona yaliyomla. Nilimwona akimuuliza kila dereva wa lori aliyepita wakati wa mavuno kama hajakutana na jitu moja jeusi, pana, lisilosema. Barazani kwa Ascanio kulikuwa na benchi moja imara, na Librado hakuketi hapo hata siku moja, alimwachia mtu ambaye hakuwapo. Na redio ikitangaza ngumi, kengele ikilia na watangazaji wakianza kelele zao, midomo yake iliendelea kuhesabu polepole, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na nne. Kisha angeutazama mlango. Nilikuwa naondoka chumbani ili nisimwone akiutazama.

Ndipo Fermín alipokwenda Kisiwa cha Vijana kumwoza binti yake, akakaa mwezi mzima. Jumamosi aliyorudi hakuanza na harusi.

"Nimemwona Cuza," alisema kabla hajaketi.

Ascanio akatema msumari. "Mzima?"

"Mzima. Anatunza bustani ya mabalungi, peke yake na mbwa. Nikamwambia, Nemesio, sisi kule bado tunakugombania! Unajua alisema nini? Alisema, mwambie Ascanio yuko sahihi. Nilichelewa. Hata ngumi za redioni hasikilizi. Kijana wa jirani alimwomba amfundishe, akakataa, ati mtu mzito wa mikono atamfundisha nini mwenzake."

Ascanio alicheka, lakini kidogo. "Ona sasa, mwenyewe amekubali. Ushahidi gani tena mnataka?"

Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, miguu imevimba, na kutoka nyumbani mpaka pale barazani alipumzika mara mbili. Aliweka domino zake chini zikionekana wazi, kitu ambacho hakuna mchezaji anayefanya.

"Hakuchelewa," alisema. "Zilibaki sekunde kumi na nne. Mimi ndiye niliyepiga mapema."

Fermín aliketi taratibu kama anayetafuta kiti kwa mgongo.

"Unatania," Ascanio akasema.

"Umewahi kunisikia natania kuhusu saa?"

"Na ukamwacha... Miaka yote hii umekaa hapa unatusikiliza tukipiga kelele!"

"Nimekaa."

Fermín alitaka kuinuka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka. "Nitarudi kisiwani! Kesho! Nitamwambia mwenyewe!"

"Wewe hapana," Librado akamwambia. "Wewe ulimpenda siku zote, atasema unamfariji. Mimi nilikwishamdanganya mara moja, sina mdomo tena kwake. Atakwenda Ascanio."

"Mimi?" Ascanio aliangalia kiatu kilichokuwa magotini mwake, kama kingemjibia. "Mimi niliyemcheka miaka ishirini na minne?"

"Ndiyo maana. Wewe ni mtu wa Blake mpaka kaburini, na yeye anajua. Ukimwambia wewe, ataamini."

"Atanipiga, Librado."

"Labda. Panda treni ya Jumanne hadi Havana, halafu basi la Batabanó, meli inaondoka kutoka hapo. Dada yangu atakufungia chakula. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu, hiyo ni kazi yangu mimi, kama yeye atataka kuja. Wewe mwambie sekunde tu. Mwambie zilikuwa kumi na nne, mkono wake ulikuwa tayari umekwenda nyuma, na haukuwa mzito. Halafu mwambie kwamba yule kijana wa jirani bado anangoja kufundishwa."