Hapana ya Kwanza

Rafiki yangu, mara mbili tu katika maisha yangu nimekaa na njaa mbele ya chakula kilichoiva ambacho nimekaribishwa. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka minane na miezi kumi. Mara ya pili nilikuwa natimiza sitini na minne, nimevaa kitenge kipya, katika mkahawa wa Kiingereza ulioko Columbus, huku ughaibuni, ambako hata kuta zimevikwa kitambaa. Hiyo ya pili ndiyo iliyonirudishia ile ya kwanza, nikaiona wazi kama jambo la jana.

Binti yangu ni muuguzi, anaishi Buffalo na mume wake na mtoto wao. Mimi wakati huo nilikuwa naishi Louisville, na Columbus iko katikati yetu, ingawa si katikati kamili: mimi nilikuwa na saa nne za basi, yeye saa tano za gari. Alipendekeza tukutane hapo Jumamosi ya pili ya Oktoba, siku yangu ya kuzaliwa, nile chakula cha heshima. Nilikubali upesi, kwa sababu nilikuwa nangoja jambo. Jumapili ya pili ya Machi, saa nane na robo mchana, nikiwa sijavua hata viatu vya kanisani, alikuwa amenipigia simu akasema, "Mama, njoo ukae na sisi Buffalo." Nikamjibu, "Hapana, mwanangu, mimi niko sawa hapa." Akasema haya, akaniuliza habari za goti langu, na tangu siku hiyo hakuligusa tena neno la Buffalo. Miezi saba nilikaa karibu na ile simu kama mtu aliyebandika maji na kusahau kuwasha moto.

Mhudumu wa mkahawa ule alikuwa mwanamume mrefu, mikono nyuma, mwenye Kiingereza cha kwao Uingereza ambacho kila neno lilikuwa limepigwa pasi. Alinivutia kiti kwa adabu kubwa kiasi kwamba nilikishika kwa nguvu, nikidhani ananinyang'anya. Kisha akaleta kikapu cha mikate ya moto pamoja na siagi iliyofinyangwa kama ua. Akainama, akaniuliza kama ningependa. Nikamjibu kwa Kiingereza changu, ambacho nimekitolea jasho darasani na nina cheti chake, "Hapana, asante." Akainama tena, akaondoka na kikapu. Nilikisindikiza kwa macho mpaka meza ya dirishani, ambako mzee mmoja alichukua mikate mitatu bila kujitetea hata kidogo.

Ikaja nyama ya ng'ombe ya kuokwa, vipande vyembamba kama karatasi, pamoja na viazi vitatu, njegere kumi na tisa, na juu yake andazi kubwa lenye shimo katikati. Binti yangu alinieleza kwamba shimo lile ni makao ya mchuzi. Mhudumu akatokea na birika la fedha. "Mchuzi, madam?" "Hapana, asante." Shimo la binti yangu likajaa mpaka likamwagika, langu likabaki kavu kama kisima cha kiangazi. Nilikula vipande viwili, kisha nikalaza kisu na uma pamoja, sambamba, kwa unadhifu, ili nipumue kidogo. Sikujua kwamba kwa Waingereza kisu na uma vikilala pamoja, mlaji amemaliza. Glavu nyeupe ya mhudumu ilipita begani kwangu, na sahani ikaondoka na andazi langu zima.

"Mama, mbona hauli?" binti yangu aliuliza. "Haukipendi?"

"Nakipenda sana."

"Donc, basi unamkatalia kwa nini?"

"Simkatalii. Nangoja aulize tena."

Akaniangalia, akaweka uma chini, akacheka mpaka akajifunika uso kwa kitambaa cha kufutia mikono. "Mama! Huyu hatauliza tena mpaka Krismasi!"

Ndipo nikamsimulia habari za bibi yangu, kama ninavyokusimulia wewe.

Tuliishi kando ya ziwa, upande wa Fizi. Asubuhi zetu ziliamshwa na vinu, wanawake wakitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, kila nyumba na mdundo wake, hata ungeweza kumjua jirani aliyegombana na mumewe kwa jinsi mchi ulivyoanguka. Mchana ulinukia mawese ya moto. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kuwageuza samaki aina ya mikeke juu ya kichanja ili moshi uwapate pande zote, na mpaka leo nikinusa moshi wa kuni vidole vyangu vinajikunja vyenyewe, vikikumbuka kuungua.

Bibi hakujua kusoma, lakini alikuwa na shule yake, na somo lake kuu lilikuwa kukataa. Tulifanya mazoezi kwa sahani tupu. "Karibu, kula." "Hapana, bibi, nimeshiba." "Kula kidogo tu, mwanangu." "Hapana, bibi, asante." "Sasa mimi nitakasirika. Kula." Hapo ndipo niliruhusiwa kupeleka mkono kwenye sahani na kutafuna hewa. Nikikubali mara ya pili, alinifinya paja. "Ya kwanza anakusalimu tu," alisema. "Ya pili anakupima. Ya tatu ndiyo anakulisha. Na usimalize, watasema kwenu hakuna." Kijiji kizima kiliijua hesabu hiyo. Hata marehemu mume wangu, miaka mingi baadaye, alinichumbia Jumapili tatu mfululizo, na ni ile ya tatu tu aliyokuja amevaa viatu, maana alijua.

Aliyekuwa haijui alikuwa mwalimu. Alitumwa kwetu kutoka mji wa mbali, mwembamba, mwenye miwani na saa ya mkononi aliyoitazama hata alipokuwa akisali. Mimi nilitamani shule kuliko nilivyowahi kutamani nyama. Nilikuwa nikisimama nje ya dirisha la darasa na ndoo kichwani, nikiitikia hesabu pamoja na watoto wa ndani, mpaka maji yakanimwagikia shingoni. Bibi aliliona hilo. Jumatatu ya kwanza ya Septemba alinipaka mawese miguuni nikang'aa, akafunga mikeke watano wa moshi katika jani la mgomba, akanituma kwa mwalimu nikaombe nafasi.

Nilimkuta anakula wali na maharage. "Karibu, kula," alisema. Nikasema, "Hapana, mwalimu, nimeshiba." Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula. Nilisimama nikisubiri, mate yamenijaa mdomoni. Alipomaliza alipangusa mikono, akafungua daftari la majina, akashika kalamu. "Watu wanasema unataka kusoma. Unataka kuingia shule?"

Rafiki yangu, nilikuwa nimefundishwa vizuri mno. Nikatazama chini kwa adabu, nikasema, "Hapana, mwalimu."

Akafunga daftari.

Nilibaki pale mlangoni nikingoja swali la pili. Aliitazama saa yake, akanitazama mimi, akauliza, "Kuna kingine?" Nikampa mikeke. Aliwapokea mara moja, bila kukataa hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza bibi zaidi nilipomsimulia. "Alikuuliza mara ngapi?" "Moja." "Moja! Huyo mtu alilelewa na nani?" Kesho yake alivaa kitenge chake cha kanisani akaenda mwenyewe, lakini darasa lilikuwa limejaa. Mwaka uliofuata mdogo wangu alizaliwa, na mgongo wangu ukapata kazi. Bibi aliongeza kifungu katika sheria yake, "Chakula kataa, shule kubali," na akawa anakirudia kwa kila mtoto aliyepita uani, kwa sauti ya kunitazama mimi. Niliingia darasani Louisville, nikiwa na miaka hamsini na mmoja na siku nne, na msajili aliponiuliza kama nataka kuandikishwa, nilisema ndiyo kabla hajakaa.

Binti yangu hakuwa anacheka tena. Alikuwa akikunja kile kitambaa chake cha mikono, akikikunjua, akikikunja.

"Mama. Mwezi wa tatu nilikuuliza uje Buffalo. Ulisema hapana."

"Ndiyo."

"Ile ilikuwa hapana gani?"

Nilitazama njegere moja iliyokuwa imeangukia kitambaa cheupe cha meza. "Ilikuwa ya kwanza," nikasema.

"Miezi saba, mama! Nilidhani hututaki." Akapangusa macho, akajinyoosha kitini kama mtu anayeanza mtihani. "Bon, sawa. Mama, njoo ukae na sisi Buffalo."

"Hapana, mwanangu. Mtabanana."

"Ya pili hiyo," akasema, akiinua vidole viwili.

Wakati huohuo mhudumu alikuwa amefika na birika jingine. Akainama upande wangu wa kulia, "Chai, madam?" na binti yangu akainama upande wa kushoto, "Sasa mimi nitakasirika. Utakuja?" Nikasema, "Ndiyo!" kwa Kiswahili na kwa sauti iliyomgeuza mzee wa dirishani. Mhudumu akamimina. Binti yangu akalia. Mpaka leo, tukigombana juu ya chumvi, anadai kwamba siku ile nilimjibu mhudumu.

Nakuandikia haya Buffalo, theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha. Hapa sahani haimngoji mtu. Mkwe wangu hula amesimama kabla ya zamu ya ghala, mjukuu hufungua friji mwenyewe, na anayekuuliza mara moja amekutendea haki. Louisville akina mama wa kanisani walikuwa bado wanahesabu mpaka tatu, lakini wengi wao nao sasa wana nusu saa tu ya kula kazini. Sibishani. Ila namkumbuka bibi katikati ya swali lake la kwanza na la tatu, jinsi alivyomtazama mgeni mashavu na miguu, akajua ametoka mbali kiasi gani na ana siku ngapi hajala, bila kumuuliza.

Juzi Jumanne nilikaanga maandazi. Nikamwita mjukuu wangu wa kike, ana miaka mitano na miezi mitatu, nikamwambia, "Karibu, kula." Akaitika kwa Kiingereza kwamba ndiyo, andazi likiwa tayari mdomoni. Nilifurahi, huyu hatakosa shule. Lakini nilibaki nimesimama pale na sahani, maswali yangu mawili bado mkononi, bila mtu wa kumpa.