Matimba ya Masanja

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimekula na kushiba. Nasema nimekula kwa sababu mtu wa kwanza niliyemsimulia aliniuliza kama nilikuwa kwenye mfungo. Sikuwa kwenye mfungo, na pombe sinywi. Kama unatafuta kisa cha kucheka nenda kwa mwingine, maana hiki mimi bado kinaniuma.

Kwetu ni upande wa Segese, ambako mtu akishavuna pamba yake anaingia duarani kutafuta dhahabu. Duara ndilo shimo la mchimbaji mdogo. Mimi na Masanja tulichimba duara moja na kuimba kwaya moja, mimi mwalimu, yeye besi. Mwenye duara alikuwa Baba Neema, mzee wa kanisa letu. Huyu ndiye aliyesimamia ndoa yangu. Nilimwita baba, na nilimaanisha.

Masanja alikuwa na jambo lake moja. Wengi wetu tunamlilia Yesu wa msalabani. Yeye alimpenda Yesu aliyefufuka akapaa. Kila asubuhi kabla ya kushika kamba alituambia kwamba Bwana naye alishuka chini kabisa kabla ya kupanda juu, kwa hiyo huko tunakokwenda yeye keshafika. Matimba yetu, yaani yale magogo ya kuzuia udongo wa duara usiporomoke, aliyakata na kuyasimamisha mwenyewe. Kila gogo alilichonga alama kwa panga: msalaba mdogo, na juu yake mshale unaoelekea mbinguni. Tulimtania kwamba anayapiga chapa kama ng'ombe. Alicheka, akaendelea kuchonga.

Kisha duara likamwangukia. Mimi nilikuwa Kharumwa kwenye msiba wa baba mkwe, na niliporudi nilikuta ameshazikwa. Amezikwaje? Bila kwaya, bila mchungaji, bila hata msalaba. Baba Neema alikuwa amewaambia wazee wenzake kwamba Masanja alionekana akitoka kwa mganga, kwamba alishusha dawa duarani ili apate dhahabu peke yake, na ardhi ikamkataa. Mjane wake, Mama Kulwa, akazuiwa Meza ya Bwana mpaka atubu. Atubu nini, wakati hajui lolote?

Mimi niliamini. Ungekuwa wewe, usingemwamini baba yako? Nilimkasirikia Masanja kuliko nilivyomlilia. Niliona amenisaliti. Kila asubuhi tunaomba pamoja tumeshikana mikono, kumbe jioni mwenzangu yuko kwa mganga.

Siku hizo hizo kanisa letu jipya likaezekwa. Miti ya kenchi ilitolewa na Baba Neema, ikapakwa oili chafu isiliwe na mchwa, ikawa myeusi tii. Akina mama walimpigia vigelegele, nami nikampigia makofi.

Sasa sikiliza. Ilikuwa alasiri, kesho yake ni sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Nilikuwa peke yangu kanisani napanga mabenchi ya kwaya. Nikasikia mtu anaingia nyuma yangu. "Mwadila," nikamwamkia bila kugeuka, kama tunavyosalimiana kwetu jua likishapinda. Hakuitika. Benchi la besi likalia, mtu amekaa. Nikageuka.

Alikuwa Masanja. Suruali yake ile ile ya kazi iliyokatwa magotini, udongo mpaka kwenye kope, na tochi yake ya kichwani inawaka mchana. Hakuwa moshi wala kivuli. Alikaa, na benchi lilipinda kwa uzito wake. Nilitaka kukimbia. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa msukule, kwamba kuna mtu amemchukua anamtumikisha. Lakini msukule angekuja kukaa kanisani, tena kwenye nafasi yake?

Unajua nilifanya nini? Badala ya kukemea kama tulivyofundishwa, nilimgombeza. "Kwa nini ulinificha, Masanja? Kwa nini ulikwenda kwa mganga?"

Alinitazama kwa huzuni ambayo sitaki kuiona tena usoni pa mtu. "Sikwenda kokote," akasema, kwa sauti yake ile ile ya besi. Kisha akainua uso, na mwanga wa tochi ukapanda ukutani mpaka kwenye kenchi, pale gogo linapokutana na ukuta. Akaushikilia hapo. Nami nikatazama. Chini ya weusi wa oili palikuwa na mikato. Niliposhusha macho benchi lilikuwa tupu. Lakini mwanga ulikuwa bado uko kule juu, hakuna tochi, hakuna mtu, mwanga peke yake juu ya gogo. Ulikaa muda, ndipo ukafifia.

Nilileta ngazi, nikapanda, nikaifuta oili kwa shati langu. Msalaba mdogo, na mshale juu yake. Nikasogea kwenye gogo la pili: msalaba na mshale. Yale yalikuwa matimba yetu, na gogo la Masanja lilikuwa halitoki duarani mpaka mtu aling'oe. Nilikaa pale juu ya ngazi nikamlilia rafiki yangu.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Baba Neema, kama mwana anavyokwenda kwa baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Nikamwonyesha shati lenye oili, nikamwambia nimeona alama. Hakuuliza alama gani. Akasema yote. Aliahidi miti mbele ya mchungaji, miti ikakosekana. Akatuma vibarua Jumapili, watu wakiwa ibadani, wakang'oa matimba ya tawi la zamani la duara, lile tulilokuwa tumeliacha, lililopita juu ya pale Masanja alipokuwa anachimba. Kesho yake Masanja akashuka kazini, na hakuna aliyemwambia.

"Nilidhani litasimama," akasema.

"Na habari ya mganga?"

"Ningewaambia nini watu? Kwamba nyumba ya Mungu imeua mtu?" Akanishika bega. "Mwanangu, miti ile sasa inamtukuza Bwana. Iache ilipo. Marehemu haoni aibu."

Mkono huo huo ulinishika bega siku ya harusi yangu. Niliutoa, nikatoka bila kuaga. Njia nzima nilitembea nikitazama nyuma, na si kwa sababu ya mzimu. Aliyenitisha alikuwa yule niliyemwacha kwenye kiti.

Alfajiri nilimweleza Mama Kulwa. Hakulia. Alinionyesha mlango wa jiko lake, Masanja aliuchonga msalaba na mshale siku walipohamia. Akajifunga kitenge, tukaenda ibadani.

Kanisa lilijaa. Baba Neema ndiye aliyeongoza maombi, na watu wote wakainamisha vichwa wakafumba macho, kama tulivyozoea. Mama Kulwa alitoka benchi la nyuma, akatembea mpaka katikati, akasimama ametazama juu, pale nilipokuwa nimefuta.

"Hii ni kazi ya mume wangu," akasema. Hakupaza sauti. "Baba Neema, huyu ndiye uliyesema ardhi ilimkataa?"

Watu walifumbua macho. Wachache walitazama juu. Wengi, niamini, walitazama juu mara moja, wakaona, wakainamisha tena vichwa. Baba Neema akamalizia maombi, nao wakaitikia amina.

Kwaya nimenyang'anywa. Wanasema nimeingiwa na pepo la duara. Mama Kulwa hajarudishiwa Meza ya Bwana, na Baba Neema bado ni mzee wa kanisa. Tulikwenda sisi wachache kaburini kwa Masanja, tukasimamisha msalaba wenye mshale, tukaimba wimbo wa Kupaa. Besi hatukuwa nayo. Tulipofika kiitikio tuliisikia wote, inatoka chini ya miguu yetu, na hakuna aliyeacha kuimba.

Bwana aliyepaa bado ni wangu, huyo hakunisaliti. Alikwenda juu na makovu yake mikononi, hakuyapaka oili. Lakini tangu siku ile nikiomba siwezi kufumba macho. Na wewe nakuonya: ukiingia katika nyumba nzuri ya ibada, kabla hujainamisha kichwa, tazama kwanza kilichoishikilia, uulize kimetolewa wapi na nani alikuwa chini yake.