Foleni ya Pombe Kwenye Maonyesho ya Watoto

Wako watu mjini Nakuru ambao hata leo, wakinipisha njiani kwa heshima, nawaona wakiuma midomo wasicheke, nami siwalaumu, kwa maana mwanamke aliyehitimu chuo cha ualimu, binti wa mzee wa kanisa, asiyewahi kuonja hata povu la pombe, kisha akawaita wanywaji wa lokesheni nzima, mtaa wetu Waafrika, kwa mkono wake mwenyewe, hana haki ya kuchagua atakavyokumbukwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa nimefika karibuni tu kutoka upande wa Kakamega kuwafundisha akina mama kushona na kulea watoto, katika jumba dogo lililopakana na kilabu cha pombe. (Wakati huo ilikuwa marufuku kupika pombe nyumbani, manispaa yenyewe ndiyo iliyopika na kuuza, na wanaume wa reli walikunywa hapo alasiri baada ya kazi.) Kilabu kilishamiri hata ikanong'onwa kwamba jumba letu litageuzwa ghala la mapipa, kwa kuwa eti wanawake hawalitumii. Memsahib, bibi wa Kizungu wa ustawi wa jamii, angekuja Jumamosi kuamua, nami nikaandaa maonyesho ya watoto wachanga, zawadi ikiwa blanketi kwa mtoto aliyetunzwa vizuri kuliko wote.

Gari la Memsahib likasimama, na akina mama wangu walikuwa bado wametawanyika, huyu bombani, yule kwa jirani akimpaka mtoto mafuta. Kati ya jumba letu na kilabu kilining'inia kipande cha reli. Kwetu misheni chuma cha namna hiyo kiliwaita watu kusali, hiki kilimwita nani sikujua, kwani tangu nifike sikuwa nimegeuza shingo upande ule wa ua (jamani, utakatifu wa ujana!). Nikaokota jiwe, nikagonga kwa nguvu zote nilizojaliwa na Mungu.

Kumbe hiyo ndiyo ishara kwamba mapipa yamefunguliwa. Akina mama walikuja, ndiyo, lakini nyuma yao wakaja wanaume na mikebe yao, na kwa kuwa mlango wa kilabu ulikuwa umefungwa na wangu uko wazi, wakapanga foleni mlangoni kwangu, kimya, kwa adabu ambayo sijaiona hata kwenye Meza ya Bwana. Maana sheria ya kilabu ilikuwa kwamba atokaye kwenye foleni, hata akiwa amefiwa, hurudi mkiani.

"Ndugu zangu," nikanong'ona, "hapa hakuna pombe."

"Mwalimu, chuma kimelia," akajibu wa mbele, Bwana Wafula, aliyepaka rangi mabehewa ya reli.

"Ni mimi niliyekigonga!"

"Basi toa pombe."

Hapo Memsahib akaingia, akaiona foleni, akashika kifua. "Baba mingi!" akasema kwa Kiswahili chake cha mashamba ya walowezi. "Baba nakuja na mtoto! Mimi hapana ona hii Kenya yote!"

Ningesema kweli papo hapo, lakini niliyaona yale mapipa yakiviringishwa juu ya cherehani zetu, nikajikuta nikisema, "Ndiyo, Memsahib, akina baba wa hapa wanapenda watoto sana."

Basi akataka kuwaona wamewabeba. Nikawanong'oneza wanaume kwamba asiye na mtoto mkononi anarudi mkiani, na hapo ndipo palipozuka vurugu ambayo sitaisahau, watu wazima wakigombea watoto.

"Huyu nimpe mtoto?" mama mmoja akapiga kelele. "Huyu hata mkebe humponyoka!"

Nekesa, mwenye mtoto mnene kuliko wote, akamkabidhi Wafula bila kusita. "Mshike vizuri, shemeji, nikachote maji," akatoka.

Memsahib akapita mbele ya foleni nzima, kila mwanamume na mtoto mkono huu, mkebe mkono ule, akasimama kwa Wafula. "Hii nashinda!" akasema. "Na mama yake iko wapi?"

Wafula, kwa hofu ya kurudishwa mkiani, akanyoosha mkebe wake kunielekea mimi. "Ni huyu Mwalimu."

Mzee Shadraki wa kanisa letu, niliyemwalika afungue kwa sala, akafumba macho ingawa hakuna aliyesema tuombe. Ningekana, foleni yote ingeulizwa ni baba wa nani. Nikainama nikapokea mtoto, nikapokea na blanketi. "Asante, Memsahib."

"Nyumba hii nabaki ya mama!" akatangaza, na mikebe ikapigwa kwa shangwe.

Ndipo Nekesa akatokea mlangoni, debe la maji kichwani, akanitazama, akamtazama Wafula, akalitazama blanketi.

"Mwalimu," akasema polepole, "ukimaliza kuwa mama yake, nipe mtoto wangu anyonye."

Memsahib akatutazama sote watatu, mmoja mmoja, kisha akachukua mkoba wake.

"Baba moja, mama mbili," akasema kwa upole. "Mimi naelewa."

Hakuelewa, lakini jumba lilibaki letu. Kanisa ndilo lililochukua muda mrefu zaidi kuelewa, nami tangu siku ile, mtu akiniuliza nina watoto wangapi, humuuliza kwanza yeye amesikia wangapi.