Matundu ya Stesheni ya Zamani

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na herufi nitakazozikosea. Niliishia darasa la saba, na mbele za watu sauti hunikauka, ndiyo maana naandika. Mimi si mzee. Nasaha hii ni ya Bibi, mama yake mama. Isome polepole, mdogo wangu, kama ninavyoiandika.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya mavuno, mvua bado inadondoka. Ghala letu lilikuwa limeliwa na mchwa, kijiji kikaturuhusu tuweke mpunga katika stesheni ya zamani ya reli, njia ya kwenda Mlimba, ambako treni hazisimami tena. Magunia yale yalikuwa chakula chetu na mbegu ya msimu ujao.

Usione vyaelea, vimeundwa. Jengo lile sakafu yake imeinuliwa, mafuriko yasiifikie. Paa limetokeza nje sana, abiria wasinyeshewe. Na juu, kuta mbili zinazotazamana zina matofali yenye matundu. Mjomba Festo, kaka yake mama, aliona matundu hayo ni njia ya popo. Tukakanyaga udongo, akaanza kuziba.

Bibi akafika. Ujana wake aliuza vitumbua pale.

"Festo, nani kakutuma?"

"Popo, mama. Watakunya kwenye wali wako."

"Basi ziba na pua yako, tuone kama utafika jioni."

"Nyumba haina pua, mama!"

"Na hiyo unayoijaza tope ni nini? Humu watu walijaa na kuku wao na samaki wabichi wa mtoni, wa Kivukoni, hakuna aliyezimia. Upepo uliingia huku ukatokea kule. Mpunga wenu haujakauka, utapumulia wapi?"

Mjomba akacheka, akaziba mpaka tundu la mwisho. Asiyesikia la mkuu, unajua mwisho wake.

Wiki chache baadaye tulifungua mlango, joto likatupiga usoni kama mvuke wa chungu cha pombe. Mama aliingiza mkono kwenye gunia, akautoa haraka. Mpunga ulikuwa umepata moto kwa ndani. Mjomba alichukua mpini wa jembe, akapanda, akaanza kubomoa tope lake mwenyewe. Sisi tukaanika mpunga kwenye sakafu ndefu ya kusubiria treni. Mvua ikanyesha, lile paa likaukinga.

Chakula kilipona, ingawa wali ulikuwa wa manjano na wenye harufu. Mbegu haikuota. Bibi akampimia mama mbegu yake mwenyewe, na hakusema "niliwaambia". Mjomba alitundika wavu kwenye matundu: popo nje, upepo ndani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukikuta jengo la waliotutangulia, usizibe wala usibomoe kabla hujauliza lilijengwa hivyo kwa nini. Muulize aliyelitumia, maadamu angali hai. Mungu akujalie paa lisilovuja, na mtu wa kukukemea mapema.

Nami niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu: kwenu kuna jengo gani la zamani, na wazee wanasemaje juu yake?